Giza Lililobaki Limesimama

Mpwa alipovunja ukuta wa chumba cha kusafishia picha ili apate nafasi ya mashine mpya ya kutolea picha, giza la ndani lilibaki limesimama palepale, kona zake zimenyooka. Mwashi aliuliza kama alipige plasta. Mpwa akasema aliache, litafaa kutundikia miavuli.

Mjomba wake, fundi picha na mwenye studio, alilisukuma giza kwa bega, akaingia, akaendelea na kazi.

Mashine ililetwa na wakala wa kampuni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii ilitembezwa mlango kwa mlango, na mpwa akaipokea kwa mikono miwili. Masharti yake aliyakubali bila kuyasoma, kama mtu yeyote mwenye shughuli nyingi.

Mteja wa kwanza alikuwa mama aliyefiwa na binti. Picha aliyobaki nayo iliharibiwa na maji, lakini mkanda wake wa filamu ulikuwa bado studio. Mashine iliumeza mkanda, ikautema, ikatoa msichana mweupe pe, laini, mwenye furaha kuliko alivyowahi kuwa na sababu.

"Huyu si wangu," mama alisema. "Wangu alikuwa na kovu kwenye nyusi."

"Mashine imelitoa, mama. Kampuni inasema kovu ni kasoro."

"Alilipata siku aliyoanza kutembea. Waambie hao wa kampuni alikuwa anakuja kwangu."

Mpwa akatafuta pa kubonyeza ili awaambie. Hapakuwapo.

Mjomba akauchukua mkanda, na karatasi yake ya mwisho ya kusafishia picha. Kiwanda kilichotengeneza karatasi hizo kiliona mbali. Siku hizi kinatengeneza makava ya simu. Akaingia gizani. Punde akachomoza kichwa.

"Njoo dada, anatokea. Nyusi zimeshatoka, na kovu lake."

Akatoka amshike mkono, asije akajikwaa kwenye mabeseni ya dawa. Upole ndio uliomponza. Wakala, aliyekuwa analipima giza kwa futi, aligusa simu yake. Kwa mujibu wa masharti, kila kilichomo studio kilikuwa mali ya kampuni. Giza likawa gumu, likaomba nywila.

"Mjomba, paswedi unaijua?"

"Hili giza nimelilea tangu hujazaliwa!"

Mpwa akaandika hivyohivyo. "Imekataa. Inataka na namba."

Wakaambiwa wasubiri, giza linaboreshwa. Mjomba aliona vibaya kumdanganya mama, akamweleza: picha isipotolewa kwenye dawa huendelea kuiva mpaka iwe nyeusi tii. Mama akaketi kwenye benchi, akalia. Wakala akampa kalamu ya kampuni.

Giza lilipofunguka liliwashukuru kwa subira. Karatasi ilikuwa nyeusi.

Sasa kampuni inalikodisha giza hilo kwa wapenda mambo ya asili, na mpwa amepata cheti cha shukrani cha kampuni. Mjomba huingia akiruhusiwa.

Mama ameitundika ile karatasi nyeusi sebuleni. Akiulizwa ni nani, huweka kidole. "Binti yangu. Kovu liko hapa." Wageni hupapasa, hulihisi, hurudi kwenye viti vyao. Simu zao zikiipiga picha, hutoa msichana mweupe pe, laini, anayetabasamu, na wageni humwambia mama kwamba hapo ndipo amependeza.