Sisimizi wa Wifi Kelera

"Puliza basi," alisema Kelera kutoka juu ya mti wa mkungu. "Puliza tu. Utatuzika kaburi moja mimi na wao, usipate kazi ya kuchagua nani ni nani."

Laisani alikuwa amesimama chini, pampu ya dawa ya wadudu mgongoni, mkono tayari kwenye mpini. Alimjibu wifi yake kwamba kaburi la mtu wa kilo tisini halichimbwi na mtu mmoja, kwa hiyo ashuke, leo hana nafasi. Kelera akasema afadhali uzito wa mwili kuliko uzito wa moyo. Laisani akasema mwenye moyo mwepesi hamwachi mtoto wa ndugu yake akang'atwa jicho. Na jicho la Ateca, mtoto wa Laisani, lilikuwa kweli limevimba.

Walianza tangu chai ya asubuhi. Hapa Taveuni, kisiwa cha Fiji, mtu asiyemtania wifi yake huulizwa kama anaumwa, na hawa wawili walikuwa wametaniana miaka kumi na moja bila kupumzika. Lakini asubuhi hii utani ulikuwa umekwisha zamani kidogo, na wote wawili walijua.

Kelera alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, dada mkubwa wa Apimeleki, mumewe Laisani, na nyumba yake ilipakana na yao. Alikuwa ameikunja sulu yake, ile shuka ya kiunoni, katikati ya mapaja na kujikalia kwenye panda la mti kama kuku anayeatamia. Kumzunguka ilining'inia mimea waliyokuwa wakiigombania, tisa. Mtu asiyeijua angedhani kuna aliyetundika maboga yaliyooza: mashina yaliyovimba, ya kijivu, yenye mikunjo, kila moja kama kichwa cha mtoto, yamekumbatia matawi kwa mizizi, na majani mazito yanachomoza juu yake. Ndani ya kila shina mna vyumba na vijia kama nyumba, na humo hukaa sisimizi kwa maelfu. Mmea unawapa mahali pa kulala. Wao wanaulisha kwa uchafu wao.

Sisimizi hao ndio walioleta balaa. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya nyumba yao kumlisha mchungaji. Mchungaji alikaa peke yake kichwani pa mkeka, akawekewa bakuli la samaki wa tui la nazi, na wengine wote wakakaa kimya wakimngoja ale kwanza. Laisani, kutoka mlangoni, aliona tui lina nukta nyeusi, na nukta zinatembea. Mchungaji akianza kula hakatizwi. Yeye naye hawezi kukataa chakula cha watu. Alimla samaki yule mpaka mifupa, akiwasogeza sisimizi pembeni kwa upole kama watoto waliochelewa ibadani, kisha akashukuru kwa mlo uliojaa uhai. Kelera alitoka nje haraka, akasikika akicheka nyuma ya nyumba. Laisani hakucheka.

Na jana, Jumatano, walimng'ata Ateca ukope akiwa amelazwa mkekani. Na Jumamosi hii mama yake Laisani na dada zake watatu wangevuka bahari kutoka Vanua Levu kuja kumwona mtoto huyo kwa mara ya kwanza, tangu azaliwe miezi saba iliyopita. Kila watakachokula kingetoka katika jiko lililokuwa hapo hapo chini ya mkungu. Laisani alimweleza Kelera jambo hili kwa utaratibu, kwa vidole. Mama yake si mchungaji. Mama yake akiona sisimizi atasema, na atasema mpaka Krismasi.

"Ninyi mna nyumba nzima ya ndani," alisema Kelera. "Lisheni wageni ndani."

"Na chakula nikipikie wapi, chumbani?"

Jiko lile Laisani alilijenga mwenyewe baada ya kimbunga, Apimeleki akiwa hospitali na mguu uliovunjika. Nguzo nne, mabati sita, rafu tatu, dirisha la kutolea moshi. Watu wa kijiji walikuja kulitazama, na wanaume wawili walikwenda kwao wakaongeza madirisha. Hakuwa mtu wa kujisifu, ila jiko lile alilitaja mara kwa mara.

Ukweli ni kwamba Laisani hakuwa adui wa mimea. Alikuwa na diploma ya kilimo na alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, na kama kuna mtu kijijini aliyejua Kelera ni mkulima wa namna gani, ni yeye. Wengine walimwona mjane mwenye makopo. Makopo kweli yalikuwa mengi: ya biskuti, ya mafuta ya taa, buti moja la mpira la marehemu mumewe, yote yameota kitu ambacho jirani hana. Kulikuwa na okidi ndogo kuliko punje ya mchele, inayotoa ua ambalo ni lazima upige magoti kuliona. Kulikuwa na kangaga lenye majani membamba kiasi cha kuonyesha kidole nyuma yake. Mwaka mmoja Kelera alichukua tagimoucia, ua jekundu la kule mlimani kwenye baridi, ambalo kila mtu alimwambia halikai pwani, akalitia ndani ya ndoo chooni na kulizungushia barafu ya muuza samaki kila alfajiri. Likaishi miaka miwili likinuka kamba. Likatoa vishada vitatu. Laisani alikwenda kuviona, akasema tu kwamba choo kimepata pazia zuri, lakini siku hiyo kazini aliwasimulia wenzake wote.

Na mimea ile ya mkungu ilikuwa na habari yake. Kule juu kwenye kigongo cha mlima palikuwa na mti mkubwa uliobeba mimea hii zaidi ya arobaini. Shemeji zake Kelera walipofungua shamba jipya la yaqona, mmea wa mizizi ya kinywaji, waliukata. Walipomwambia Kelera, wakidhani wanamletea habari ya kawaida tu, alipanda kule kwa miguu, akakuta mti chini, na sisimizi wakikimbia huku na huku kama watu waliochomewa kijiji. Alishusha alichoweza kwenye farasi wa kukodi. Kumi na miwili. Mitatu ya kwanza aliiosha kwa maji ya sabuni kabla ya kuifunga mtini, awaondoe wadudu, maana alikuwa mtu msafi. Mwaka haukuisha, ikanywea kama pilipili iliyosahauliwa juani. Tisa ambayo hakuwahi kuiosha ikanenepa.

Kwa hiyo aliposema dawa ile itaua mimea pamoja na wadudu, hakuwa anatia chumvi. Laisani alijua. Tena alijua zaidi, kwa sababu mwaka juzi alimwomba wifi yake mbegu, akazipanda kitaluni kwa njia zote alizofundishwa: mboji iliyochekechwa, kivuli, maji ya kunyunyiza asubuhi na jioni. Mbegu arobaini. Tatu zilichipua, zikaoza wiki ya pili. Alimrudishia Kelera kopo tupu na kumwambia kwamba mbegu zake ni mbovu.

"Si bustani hiyo," alimwambia sasa, kwa sauti ya chini. "Bustani mtu anapanda. Wewe unafuga wadudu, wifi. Mtoto ana jicho kama yai."

Kelera alitazama chini, si kwa Laisani, bali kwenye mkeka uliokuwa barazani, Ateca amelala juu yake na kitambaa chenye maji usoni.

"Kata tawi," alisema.

"Tawi gani?"

"Hili lililolala juu ya bati lako. Ndiyo njia yao. Wanashukia hapa, wanaingia kwa dirisha lako la moshi. Ukilikata hawana pa kupitia." Alivuta pumzi. "Nilijua tangu Jumapili. Sikusema kwa sababu watoto wapo kwenye tawi hilo."

Laisani aliuliza ni watoto gani. Kelera akasema aende na panga, ataona mwenyewe, na akate taratibu.

Basi ushindi ulikuwa umepatikana, na ungemfurahisha zaidi kama wifi yake asingekuwa ametazama pembeni. Alivua pampu, akachukua panga jikoni, akapanda ngazi. Alipofika kwenye usawa wa bati aliinua panga kutafuta mahali pa kukatia, na hapo ndipo alipouona mstari.

Sisimizi walikuwa wakitembea juu ya tawi kwa safu mbili, wanaokwenda na wanaorudi. Baadhi ya wanaokwenda walibeba kitu cha rangi ya machungwa, kidogo kama kichwa cha pini. Laisani alisogeza uso karibu. Walikuwa wamebeba mbegu. Mmoja alifika kwenye mpasuko wa gome, akaingia kinyumenyume, akaivuta ile mbegu ndani, akatoka bila mzigo, akazunguka mpasuko ule mara mbili kama mtu anayehakikisha amefunga mlango. Kisha akashika njia ya kurudi.

Alifuata mpasuko kwa macho. Umbali wa kidole kimoja mbele, palikuwa na mche. Urefu wake haukufika ukucha: majani mawili, na chini yake kivimbe kama punje ya dengu. Kivimbe kile kilikuwa na tundu, na tunduni palikuwa na sisimizi aliyeingiza nusu ya mwili.

"Anafanya nini?" aliuliza.

"Anaweka mbolea," alisema Kelera. "Wanaanza kuulisha ukiwa bado hauna hata chumba cha kulala. Wakishaupanda hawauachi. Mimi nakaa hapa nawatazama, kwa sababu kuna kazi gani nyingine ningefanya? Sijapanda hata mmoja."

Laisani alianza kuhesabu. Alihesabu kama anavyohesabu kitaluni, kwa ncha ya kidole, bila kugusa. Mche mmoja, wa pili, wa tano. Yote ilikuwa upande wa tawi unaopata jua la asubuhi, na hakuna hata mmoja kwenye kivuli. Nafasi kati ya mche na mche ilikuwa karibu sawa. Alipofika ishirini sisimizi walikuwa wamekwisha panda mkononi mwake na kuanza kumng'ata, akaendelea. Thelathini na mmoja. Kisha akatafuta mipasuko ambamo mbegu zilitiwa zikashindwa kuota, kwa sababu kila kitalu kina sehemu zake za aibu, akaipata miwili.

Miwili. Yeye mwenye cheti ukutani alipoteza arobaini kwa arobaini.

Alibaki pale juu ya ngazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika kukata tawi. Kelera alimwuliza kama panga ni butu. Laisani akauliza mingine kama hii iko wapi, akimaanisha michanga, iliyozaliwa. Kelera akasema alipanda kigongoni mwezi uliopita na hakuona hata mmoja, wala mti wa kuubeba. Kuna yaqona tu mpaka juu. Labda upande wa pili wa mlima. Hapa alichojua yeye ni tisa mizee na hii.

"Na ile mizee ina miaka mingapi?"

"Inanizidi mimi, pengine. Nayo haikimbii."

Laisani alijipangusa mkono kwenye sulu, akawatoa waliokuwa wakimng'ata mmoja mmoja badala ya kuwapiga, jambo ambalo Kelera aliliona na, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakulisemea. Kisha akashuka. Aliingia jikoni akatoka na nyundo yenye mkia wa kung'olea misumari. Panga aliliacha ndani.

"Nyundo ya nini?" aliuliza Kelera.

"Wao hawawezi kuhama. Jiko linaweza."

Kelera alimtazama kama mtu aliyeambiwa kanisa linahamishwa. Akamkumbusha kuhusu wageni. Akamkumbusha kuhusu madirisha ambayo wanaume wawili walikuja kuyaiga. Laisani alisema nguzo zimesimama miaka saba na zitasimama kwingine, misumari inang'oka, na sehemu ile pale karibu na mlimau ni tambarare na haina mti unaoifikia. Mama yake atakula chini ya turubai siku moja, hafi. Akilalamika atapandishwa ngazi akaone watu wanaojua kazi.

"Watu," alirudia Kelera.

"Usinitafute maneno, wifi. Shuka. Mafiga hayajibebi."

Alipanda kwa upande wa pili wa jiko, akaweka mkia wa nyundo chini ya msumari wa kwanza karibu kabisa na tawi, na akaung'oa polepole ili bati lisilitikise. Bati la pili alilitoa kwa haraka zaidi. Apimeleki, aliyerudi kutoka shamba la magimbi na mguu wake wa kuchechemea, alikuta nusu ya paa iko majanini, dada yake anatambaa kushuka kutoka mtini, na mkewe juu ya rafu ameshikilia bati la tatu kwa kichwa. Alifungua mdomo kuuliza. Laisani akamwambia ashike ncha ya pili, na asipite chini ya tawi.

Akashika. Kelera alibeba mafiga matatu kifuani moja baada ya jingine mpaka kwenye mlimau, akayapanga, akapiga magoti na kupuliza makaa ya moto wa asubuhi aliyokuja nayo kwenye sufuria iliyotoboka. Bati la sita liliposhuka jua lilikuwa utosini, moto ulikuwa umeshika, na magimbi yalikuwa yanachemka.