Sauti Haipatikani kwa Sasa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kwa Nestory sikuona sababu ya kuzificha. Ni kijana wa jirani yake dada yangu, huko Kisesa, aliyesomea kompyuta chuoni. Alichukua programu ya kuchezea video, akaitafsiri yote kwa Kiswahili, kisha akawawekea watu wa mtaa mzima. Tulimsifu. Zamani, maneno ya kwenye menyu yasiyofanya kazi yalikuwa yanafifia tu, na watu walimpelekea kompyuta wakidhani zimeharibika. Nestory akaona afadhali yaseme. Ukibonyeza neno lililofifia, linakujibu: "Samahani. Huduma hii haipatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Nani asiyeyajua maneno kama hayo? Ndiyo tunayoambiwa tukimpigia mtu aliyezima simu. Jioni akiwasha, unampata. Dada yangu Suzana naye alijua hivyo, na hapo ndipo alipoumia.

Binti yake Dorcas, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya, alifariki akijifungua. Mtoto alibaki. Suzana alimbeba mgongoni mjukuu huyo, Kashindye, tangu wiki ya msiba, na akawa na jambo moja tu analolitaka duniani: mtoto akue akiijua sauti ya mama yake. Kwenye kompyuta ya marehemu ilikuwepo video moja, Dorcas akiongoza wimbo juu ya mawe ya ziwani, joho la kwaya likipepea. Mdomo unafunguka, shingo inajaa, na hakuna kinachosikika. Suzana alifungua menyu, akalikuta neno "Sauti" limefifia, akalibonyeza. Akaambiwa ajaribu tena baadaye.

Akajaribu baadaye. Alijaribu asubuhi kabla ya kuwasha moto, akajaribu jioni, akajaribu uani akidhani ndani mtandao hauingii vizuri. Hakumuuliza mtu, kwa sababu alikuwa ameshajibiwa, tena kwa heshima. Mimi nauza dagaa sokoni Kirumba na siendi Kisesa mara kwa mara. Nilipokwenda, nilimkuta amepakata kompyuta, akaniambia bado kidogo tu, itafunguka. Wakati huo mtoto alikuwa ameshaanza kukaa.

Nilimfuata Nestory. Alikuja, akaiangalia video mara moja, akainamisha kichwa. Akatwambia kwamba faili lile halina sauti ndani yake, na halijawahi kuwa nayo. Akauliza video ilipigwaje, na katika kumweleza ndipo na sisi tulipoelewa. Kwaya zetu hurekodi wimbo studio kwanza, halafu siku nyingine huenda ziwani kupigwa picha wakichezesha midomo. Dorcas alikuwa amepewa picha kabla hazijaunganishwa na wimbo. Sauti yake ilibaki studio, Usagara.

"Kwa nini hukuandika kwamba hakuna sauti?" nilimuuliza.

"Niliona ni ukali, mama mdogo. Mtu anakuomba kitu, utamwambiaje hakuna?"

Nilitamani kumzaba kibao. Lakini ndivyo tulivyo sote. Siku Dorcas alipofariki, kaka yetu Maige alimpigia simu Suzana akamwambia mwanao amezidiwa kidogo, njoo hospitali. Maiti ilikuwa imeshapelekwa chumba cha maiti.

Kesho yake tulikwenda Usagara, Suzana amevaa kitenge kipya. Njia nzima alimwambia mjukuu wake kwamba leo atamsikia mama. Nilimchukia Nestory, na kwa furaha yake ile nikamchukia hata dada yangu, maana nilikuwa naogopa.

Mwenye studio, mtu wa makamo aitwaye Shimba, alitupa pole na kututafutia viti. Alisema kwaya ilisubiri familia ije kuuliza, asije mtu, na wao wakaona vibaya kwenda kumkumbusha mama msiba wake. Lakini albamu ilikuwa inangojwa. Wiki iliyopita walimleta msichana mwingine akaimba upya sehemu za Dorcas, na Shimba akazifuta zile za zamani ili apate nafasi kwenye kompyuta.

"Wiki iliyopita?" Suzana aliuliza.

"Jumanne, mama."

Jumanne Suzana alikuwa uani kwake, anabonyeza.

Shimba, kwa nia njema kabisa, alisema picha hawakuzipiga upya, kwa kumheshimu marehemu. Dorcas bado yumo. Akaiwasha video kabla hatujamzuia. Dorcas alisimama juu ya mawe, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu tusiyemjua, nyembamba, ya msichana mdogo. Ilikuwa sauti nzuri. Nilimwambia Shimba azime.

Kashindye alikuwa ameshautoa mkono kwenye mbeleko. Aliunyoosha kuelekea kwenye kioo, akacheka, akaanza kuguna kuufuata wimbo.

"Msizime," dada yangu alisema. "Mwacheni amsikilize mama yake."

Alimshusha mtoto mgongoni, akanipa mimi, akatoka nje asisikie.