Mama Mkwe Kwenye Koki

Siku ile Milembe aliapa kwamba upepo wa lori hautaingia kwenye mashine yake, hata kama itabidi auzuie kwa makalio yake mwenyewe. Na kweli ndivyo alivyouzuia, watu wakitazama.

Mashine yenyewe ni ya kusaga, ya dizeli, silinda moja, imefungwa kwenye sakafu ya kibanda chake pale Bariadi, pembeni mwa barabara ya Maswa. Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imemlisha, ikamsomesha binti yake Violeth, ikawasagia watu wa mtaa mzima. Sasa ilivuja oili. Wiki tatu tu tangu ifungwe gasketi mpya, oili ilianza tena kuchuruzika, ikafika kwenye mkanda, mkanda ukaanza kuteleza, na juzi mama mmoja alirudisha unga akisema unanuka gereji. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamefungua mashine ya umeme, mpya, inang'aa. Kesho ilikuwa siku ya gulio. Mteja akivuka barabara siku ya gulio harudi tena, na Milembe alikuwa halali kwa kuwaza hilo.

Fundi aliyefunga gasketi hiyo anaitwa Dastan, na Dastan ni mume wa Violeth. Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Kwa heshima za Kisukuma walizolelewa nazo wote wawili, mwanamume haongei ana kwa ana na mama mkwe wake, hamtazami usoni, na akimwona anakuja njiani anakata kona hata kama kona yenyewe ni miiba. Vijana wengi wa mjini wameshayaacha hayo. Dastan alitoka kwa watu wa ng'ombe kule Nkoma, hakuacha hata kidogo. Kwa miaka minane yeye na Milembe waliongea kupitia kwa Violeth, hata wakiwa wamesimama hatua nne na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

Asubuhi ile Milembe alitoka kibandani ili mkwe apate kuingia. Dastan aliiosha mashine, akaikausha, akapaka povu la sabuni kwenye viungio vyote, kisha akaazima kompresa ya Salu, mzee wa kuziba pancha. Alikusudia kuchomeka mpira wa upepo kwenye tundu la kupumulia, tumbo la mashine lijae upepo, na pale panapovuja povu lichemke. Njia nzuri, hata mimi siipingi. Ubaya ulikuwa kwenye kipimo. Mtungi wa Salu ulijaa hadi pauni mia na ishirini, upepo wa matairi ya malori ya pamba, na Dastan alitaka kuufungulia wote.

"Upepo mdogo hauonyeshi kitu," alimwambia Salu. "Tunafungua koki hadi mwisho."

Milembe aliyasikia hayo kupitia bati, akasimama kama aliyekalia siafu. Yeye si fundi, lakini ile mashine aliijua. Mwaka fulani nyigu walijenga kwenye tundu lile la kupumulia, upepo wa mashine yenyewe ukakosa pa kutokea, ukasukuma sili, ule mpira wa kuzuia oili, ikatoka mzimamzima na oili ikapaka ukuta mpaka darini. Na huo ulikuwa upepo wa mashine tu, haujafika hata robo ya wa lori! Gasketi ya tumboni ni karatasi ngumu. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasichuruzike, haikutengenezwa kushindana na kompresa.

Akachukua kigoda, akaingia kibandani bila hodi, akakiweka mbele ya koki ya mtungi, akaketi na kuikunja kanga yake magotini.

Dastan alirudi nyuma kwa kasi hadi nyuma ya magunia, macho yakitazama dari. Akina mama waliokuwa nje na mabeseni ya mahindi wakasogea mlangoni. Nani angeikosa ile?

"Violeth," Milembe akasema, akimtazama tu binti yake aliyesimama kati yao, "mwambie mumeo mashine si tairi. Geji ifike tano, basi. Ikizidi hapo gasketi inapasuka, na nyingine iko Mwanza. Gulio ni kesho."

Violeth akageukia magunia. "Mama anaomba uanze na tano."

"Mwambie Mama, kwa heshima zote," magunia yakajibu, "fundi ni mimi."

"Anasema amekusikia, Mama."

"Nami nimemsikia, sijawa kiziwi! Mwambie hata daktari humuuliza mgonjwa kabla ya kumchoma sindano."

Dastan akajaribu kuzunguka upande wa kushoto, ameinamisha kichwa, mkono umenyooshwa kuelekea kokini. Kigoda kikahamia kushoto. Akajaribu kulia, kigoda nacho kikahamia kulia, bila haraka, na Milembe akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Alikuwa anafurahia, tena sana. Miaka minane heshima hii ilimfunga mdomo, na leo alikuwa amegundua kwamba inafunga pande zote mbili.

"Fundi," Salu akasema akifuta machozi ya kicheko, "hata benki hawana mlinzi wa namna hii."

Dastan alitoka, akawasha pikipiki, akaondoka. Milembe akajua ameshinda, akaomba maji ya kunywa. Hajamaliza kikombe, pikipiki ikarudi, na nyuma yake amefungwa mbuzi jike anayelia kama anachinjwa.

"Huyo si mbuzi wangu?" Violeth akauliza.

Makubwa! Kila mtu pale alijua maana yake. Mkwe akimletea mama mkwe mbuzi mbele ya shahidi, mama akapokea kamba, mwiko umefunguliwa: wataongea, watatazamana, watapishana mlangoni kama watu wengine. Mbuzi huyo alipaswa kuja alipozaliwa mtoto wa kwanza. Watoto sasa walikuwa wawili, na Milembe alikuwa amekwisha kata tamaa ya kumwona. Sasa huyo hapo, siku ya ubaya. Akimkataa, amemtukana mkwe na ndoa ya bintiye. Akimpokea, Dastan anaifikia koki. Alimtazama mbuzi, akaitazama mashine, akauma midomo. Ndipo akainuka, akapokea kamba.

"Nimeshuhudia," Salu akasema.

Dastan akasogea. Alikuwa anatoka jasho. Akainua uso na kumtazama mama mkwe wake machoni kwa mara ya kwanza. "Mwadila, mayu," akasema.

Milembe alikuwa ameandaa maneno makali, yakampotea. Salamu tu ya Kisukuma, ya mchana, kama anayopewa na kila mpita njia. "Mwadila, baba," akajibu. Lakini mkono wa Dastan ulipogusa koki, maneno yote yakarudi.

"Thubutu! Mbuzi amefungua mdomo wangu mimi pia. Unataka upepo wote wa lori? Haya, anza na wewe. Salu, mchomekee mpira mdomoni, tuone kama mashavu yake yana gasketi nzuri!"

Mlangoni watu walicheka mpaka beseni moja likamwagika. Dastan hakucheka. Akasogea karibu, akanong'ona ili hata Salu asisikie.

"Mama, nataka ipasuke."

"Unasema?"

"Siku ile nilikaza bolti moja ya kifuniko kupita kiasi, ya nyuma kule ukutani. Uzi wa tundu lake, ile mikato inayoshika bolti, ukakatika. Nikaijaza gamu, nikanyamaza. Gasketi ikipasuka nitafungua kifuniko na kukitengeneza chote, na watu watasema gasketi ilikuwa mbovu. Nimeshindwa kuja kimya kimya, wewe hutoki humu tangu alfajiri. Na kukuambia... nimtume Violeth akuambie mumewe ameharibu mashine ya mama yake? Niliona aibu, Mama. Naona aibu hata sasa."

Milembe alimtazama kijana mzima huyo, masikio yamemwiva, na hasira ikamwisha. Akamwonea huruma.

"Mficha uchi hazai," akamnong'oneza, na masikio ya Dastan yakazidi kuiva. "Uzi umekatika wote, au wa mbele tu?"

"Wa mbele."

"Basi bolti ndefu zaidi itashika kule ndani. Unayo?"

Alikuwa nayo mfukoni, ametembea nayo wiki mbili.

"Ipime kwanza. Tano."

Dastan akafungua koki kidogo kidogo, Milembe akisoma geji kwa sauti: moja, mbili, nne, tano, funga! Kwenye viungio vyote povu lilitulia. Nyuma kule ukutani, kwenye bolti moja tu, lilichemka kama uji. Dastan akatoa upepo, akalala kifudifudi, akang'oa bolti na gamu yake, akaingiza ile ndefu, akaikaza kwa kiasi. Wakajaza tena hadi tano. Hapakuchemka kitu. Gasketi ilikuwa nzima.

"Kumbe ni bolti!" Salu akapaza sauti, naye amekwisha kuiokota ile ya zamani na anaikagua. "Uzi umekatwa, halafu ikapakwa gamu. Nani kafanya kazi hii ya aibu?"

Dastan akafungua mdomo, lakini Milembe akamwahi.

"Mimi," akasema. "Niliona inalegea, nikaikaza mwenyewe. Mnanitazama nini? Mashine si yangu?"

"Bolti ya spana kumi na saba, Milembe? Kule ukutani? Uliikaza na nini?"

"Na mwiko wa ugali. Wewe umeshapima nguvu zangu lini?" Akamgeukia mkwe wake, akamtazama usoni bila kupepesa. "Dastan, washa mashine, watu wana njaa."

Mashine ikakohoa mara mbili, ikashika. Mama mwenye beseni lililomwagika ndiye aliyesaga wa kwanza.