Jino la Tatu

Mama Anyes alikuwa ameshang'olewa meno mawili kwingine, na taya bado linavimba. Alitaka nimng'oe la tatu. Nilikataa. Fizi ilikuwa ngumu, kidevu kimekufa ganzi; hizo si dalili za jino bovu.

"Mama aliwahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hajawahi," akajibu mkwewe, aliyemleta kutoka Bujonde.

Mama akainamisha macho. Nikajiona mjinga: nani atataja mwili wake mbele ya mume wa bintiye? Nikamtoa mkwe nje.

Mama akafungua khanga. Kushoto, mahali pa titi, palikuwa na kovu tu. "Saratani. Miaka sita iliyopita, daktari. Waliniambia nimepona."

Nikaweka koleo chini, nikachukua kisu kidogo cha kukatia kinyama cha kupima.

"Jino halina kosa, mama. Kama saratani imehamia huku tayani, tutaifuata hukuhuku."