Tone la Damu ya Ndaki

"Si nyie mlisema damu yangu ni chafu?"

Lucia aliyasema hayo akiwa amesimama kwenye dirisha la maabara ya kituo cha afya, Mpanda mjini, amembeba binti yake Matilda wa miaka mitatu, aliyekuwa akilia kwa maumivu ya miguu. "Mume wangu kanirudisha kwetu Kasokola. Anasema hawezi kuzaa tena na ukoo wenye damu chafu."

Pudensiana, mtaalamu wa maabara, alitaka kukana, ila akakumbuka. Miezi mitano nyuma, foleni ikiwa imefika getini, aliwapa Lucia na mumewe Ndaki jibu la kipimo cha mtoto: selimundu. Ndaki alipouliza ndiyo nini hiyo, alimjibu bila kuinua macho kwenye daftari. "Damu ya mtoto siyo nzuri, baba. Ni chafu kidogo. Ni ya kurithi." Kisha akaita jina lililofuata. Siku zote aliamini anawarahisishia watu mambo. Kumbe alikuwa anajirahisishia mwenyewe.

Matilda alilazwa, akatundikiwa dripu. Jumamosi Pudensiana akapanda bodaboda mpaka Kabungu, kijijini kwa Ndaki, akamkuta Ndaki anapukuchua mahindi karibu na zizi la ng'ombe. Hakukaribishwa kiti.

"Baba Matilda, nimekuja kusahihisha neno langu. Damu ya mkeo siyo chafu. Nilikosea kusema vile."

"Kwetu hakuna aliyewahi kuugua hivyo," Ndaki alisema, mikono ikiendelea na mahindi. "Kwa hiyo imetoka kwao."

"Njoo maabara Jumanne, uangalie mwenyewe."

Ndaki akachukua hindi lingine. Lakini Jumanne, saa tatu asubuhi, alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Kabla sijakutoboa kidole," Pudensiana alimwambia, "ujue kwamba mtoto haugui selimundu mpaka arithi kasoro kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo nategemea kuiona na kwako. Usipotaka nipime, sipimi."

Ndaki akanyoosha kidole. "Toboa."

Pudensiana aliweka tone la damu kwenye kioo, akalichanganya na dawa inayoondoa hewa ya oksijeni, akalifunika. Ndaki akainama kwenye hadubini. Aliona viduara vingi, kama sahani zilizomwagwa mezani.

"Hizo ni seli nyekundu. Kila moja imejaa protini inaitwa himoglobini, zaidi ya milioni mia mbili ndani ya seli moja. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo sana uliojikunja kwa umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi. Hii kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu. Mnyororo mmoja una vipande zaidi ya mia moja na arobaini. Kwa Matilda, kipande cha sita siyo kinachotakiwa. Kimoja tu."

"Kimoja tu kinamliza mtoto hivyo?"

"Ndiyo. Protini zake zikishaachia oksijeni zinanasana, zinakuwa nyuzi ngumu. Nyuzi zinaisukuma seli kutoka ndani mpaka inapinda. Seli zilizopinda zinaziba mishipa midogo, ndiyo maumivu hayo. Hakuna uchafu wowote."

Walisubiri nusu saa. Ndaki alipoinama tena, hakuinuka haraka. Baadhi ya seli zilikuwa zimechongoka, nyingine zimepinda kama mundu.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Mbona mimi siumwi?"

"Wewe umerithi kasoro kwa mzazi mmoja. Ndani ya kila seli yako kuna protini nzima pia, na hiyo inazizuia nyingine zisinasane ovyo. Hapa zimenasana kwa sababu nimeziondolea oksijeni. Nitapeleka damu yako kipimo cha pili, maana hiki peke yake hakitoshi kuthibitisha."

"Na mbona Matilda siku nyingine anacheza tu, siku nyingine analia?"

"Malaria, baridi, kukosa maji ya kunywa, hizo tunazijua. Siku nyingine maumivu yanakuja tu, na mimi sijui kwa nini."

Ndaki alimtazama. "Mara ile ulijua kila kitu," alisema taratibu. Pudensiana akachukua kichupa cha kipimo cha pili.

Jibu la pili lilithibitisha. Ndaki akaenda Kasokola, akayaeleza yote mbele ya wakwe zake na kuomba msamaha. Lucia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hilo neno chafu uliwaambia akina nani?"

"Ndugu zangu. Na majirani."

"Basi anzia kwao."

Ilimchukua wiki mbili kuzunguka nyumba hadi nyumba pale Kabungu. Kaka yake mkubwa alikataa kabisa kwamba ukoo wao una kasoro, na mpaka leo hajakubali. Lucia alirudi hata hivyo.

Mwezi uliofuata walikuja pamoja kuchukua vidonge vya Matilda, wakaomba kuzungumza na Pudensiana. Lucia ndiye aliyeuliza. "Tukizaa mwingine?"

Pudensiana alitoka nyuma ya dirisha, akakaa nao kwenye benchi. "Kila mimba, nafasi moja kati ya nne ya kuugua kama Matilda. Hata tisa wakizaliwa wazima, wa kumi nafasi yake ni ileile. Siwezi kuwaambia zaidi ya hapo."

Ndaki alimtazama mkewe, safari hii akasubiri yeye aseme.

"Tutaongea nyumbani," Lucia alisema, akamfunga Matilda mgongoni.