Kiganja cha Bingwa

Nchi nzima ilimwita Bingwa, na sifa zake zilikuwa za kweli kabisa. Alipowatenganisha mapacha walioungana vifua, watu waliganda mbele ya televisheni wakilia kwa furaha. Kwa hiyo mama mzazi wa muuguzi aliyemsaidia kwenye upasuaji, alipoambiwa figo yake moja imeharibika na lazima itolewe, alikataa katakata daktari mwingine yeyote. "Namtaka huyo huyo anayefanya kazi na mwanangu," aliwatambia majirani, utadhani anakwenda harusini.

Masikini mama wa watu! Hakujua binti yake anaficha jambo. Bingwa alikuwa anasahau. Katikati ya kazi, tumbo la mtu liko wazi, anaduwaa hajui kinachofuata. Basi muuguzi hakungoja kuombwa kifaa. Alimtilia kiganjani kile kinachohitajika, na mkono ukishakishika ulijua wenyewe la kufanya. Wenzao wakasema hawa wawili wanasomana mawazo. Naye, jamani, kichwa kikamvimba. Nani asingependa kutegemewa na mtu kama yule?

Asubuhi ile walikuwa kwenye sinki, wananawa mikono hadi viwiko. Bingwa akasita, maji yakiendelea kumwagika.

"Dada," akanong'ona, "leo tunamfanyia nani?"

"Mama yangu, Daktari. Si jana tu mlikuwa mnacheka naye wodini?"

"Ndiyo, ndiyo." Machozi yakamlengalenga. "Naogopa, dada yangu. Jana nilikitafuta choo cha nyumbani kwangu mwenyewe nisikione. Usiniache."

Muuguzi alimhurumia mpaka moyo ukamuuma. Ya wagonjwa wengine aliyamudu. Lakini ya mama yake yalimshinda.

Ndani, mama alikuwa ameshalazwa kwa dawa. Kabla kisu hakijashikwa, muuguzi akapaza sauti.

"Simamisheni! Daktari si mzima. Anasahau!"

Mtaalamu wa usingizi akaguna chini ya barakoa. "Bingwa asahau? Wewe dada, hofu imekupanda kichwani. Ndiyo maana hatutaki mtu amhudumie mzazi wake."

Wote wakamgeukia Bingwa. Neno lake moja lingetosha. Akamwangalia muuguzi kwa upole ule ule wa kwenye televisheni.

"Ni mama yake," akasema. "Ana haki ya kuogopa. Mtoeni nje."

Wakamtoa. Akabandika uso kwenye kioo cha mlango. Nafasi yake ilichukuliwa na mwenzake mmoja, mtu makini mno, asiyegusa kifaa hadi aambiwe. Kazi ikaanza vizuri, loo, vizuri hata muuguzi akaanza kujilaumu kwa kumuumbua mtu mzima. Kisha mkono wa Bingwa ukanyooka, kiganja juu, ukabaki hewani. Yule mwenzake akasogeza sikio, akangoja aambiwe.

Muuguzi akagonga kioo. Akagonga tena kwa ngumi, akikitaja kifaa kwa sauti yake yote. Hakuna aliyegeuka ila Bingwa, naye alimtazama kama mtu anayemwona leo kwa mara ya kwanza.