Toa Kumi

"Sabini na nne," Caren alisema.

"Toa kumi."

"Sitini na nne."

"Andika."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda kila Ijumaa asubuhi kabla ya kengele, katika chumba cha walimu cha shule moja ya kutwa huko Nyalenda, Kisumu. Caren alikuwa kidato cha nne na namba moja katika hesabu, kwa hiyo alimsaidia Mwalimu Ooko kusahihisha mitihani ya kidato cha tatu. Alijumlisha tiki, akatoa kumi, akaandika kilichobaki juu ya karatasi ya mwanafunzi na kwenye orodha. Mwalimu alikunywa chai.

Hakuna aliyeona ajabu. Shule nzima ilitoa kumi, kuanzia Kiingereza mpaka kilimo. Ilianza baada ya darasa fulani kupata alama za juu kidato cha tatu, likavimba kichwa, likaacha kusoma, kisha likaanguka vibaya mtihani wa taifa. Walimu wakakubaliana kwamba mtoto asipewe haki yake yote mapema, ataringa. Mwalimu Ooko alikuwa na utani wake: A ni ya Mungu, B ni ya mwalimu, nyinyi mtajua wenyewe mtakavyogawana C. Watoto walicheka kila mara. Watu wakicheka jambo kama hilo mwaka baada ya mwaka, ujue hakuna aliyekaa chini kulipigia hesabu.

"Mwalimu, leo naomba nitoke saa ya chai," Caren alisema. "Ile mambo ya chuo inafungwa leo saa kumi na moja."

"Ile ya Nairobi?"

"Eeh. Wanataka matokeo ya Form Three, na stampu ya shule."

"Nenda. Lakini hii darasa ya pili ya Form Three unimalizie jioni."

Chuo kimoja cha binafsi cha Nairobi kilikuwa kimetangaza kwamba wanafunzi wa kidato cha nne wangeweza kuomba nafasi mapema, kwa matokeo ya kidato cha tatu, bila kungoja mtihani wa taifa. Watakaochukuliwa kutoka kaunti za ziwani wangelipiwa karo na malazi mpaka wamalize. Watakaokuja baadaye wangejitegemea. Kilichotakiwa ni wastani wa B, na kutoshuka chini ya hapo kwenye mtihani wa mwisho. Caren alitaka uhandisi wa maji. Nyumba yao huingia maji kila masika, na alikuwa amechoka kuambiwa kwamba ni kazi ya Mungu. Mama yake, Benta, alifua nguo katika nyumba za matajiri za Milimani, na hakuwa na njia nyingine yoyote ya kumpeleka mtoto chuo. Wote wawili walijua hivyo, kwa hiyo hawakulizungumza.

Aliyemletea habari ni Sheila, binti wa nyumba mojawapo ya hizo. Jumamosi, Benta akianika nguo, Caren na Sheila walikaa barazani na vitabu. Caren alieleza vekta, Sheila akaandika. Shule ya Sheila haikutoa kumi. Shule ya Sheila, kama tutasema ukweli, iliongeza. Alikuwa tayari amepata nafasi yake, na ndiye aliyemtumia Caren ujumbe: "Manze apply. We ni mkali kuniliko." Hakuwa msichana mbaya, na hasira ya mtu ikitafuta pa kwenda, isiende kwake.

Zile kumi hazikumtia Caren wasiwasi. Yeye na wenzake wote waliamini kwamba ofisini, ndani ya lile kabati la chuma, kuna alama za kweli. Hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo. Walidhani tu ni jambo ambalo watu wazima hawawezi kukosa kulifanya.

Saa ya chai alienda ofisini. Simiyu, karani, alikuwa na mafua na kompyuta inayozimika ikiguswa. Akamchapia matokeo. Chini kabisa: wastani, C+.

"Hii ni ile imetolewa," Caren alisema. "Naomba ile ya ukweli."

"Ya ukweli gani?"

"Ile ya kabla ya kutoa kumi."

Simiyu akapangusa pua, akamtazama. "Dada, mimi naingiza chenye naletewa. Nikiletewa sitini, naandika sitini. Hiyo ingine haijawahi fika hapa."

"Na kwa kabati?"

"Kwa kabati kuna chaki na jezi za netiboli."

Caren akauliza kama mwalimu mkuu yuko.

Yuko. Madam Dorca alikuwa mama mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimkaribisha vizuri. "Kaa, nyathina, mtoto wangu. Ni nini?"

Caren akaeleza. Alitaka barua fupi tu, iseme kwamba alama za shule hii hupunguzwa kumi kila somo. Akirudishiwa zake anafika B+.

Madam Dorca alivua miwani. "Unataka niandike kwa karatasi ya shule, niweke na sahihi yangu, kwamba hapa tunapunguzia watoto alama?"

"Si ndio ukweli, madam?"

"Ni ukweli ya hapa ndani. Ikitoka nje inaitwa udanganyifu. Jumatatu watu wa elimu wako hapa kwa mlango. Na wale walimaliza mwaka jana, na mwaka juzi? Nao wakuje wadai zao?"

"Basi uniandikie mimi peke yangu."

"Ya wewe peke yako ndio mbaya zaidi. Watasema ni upendeleo." Akavaa miwani tena. "Caren, mtihani ya taifa hakuna mtu anakutolea kitu. Utapata yako yote. Ngoja."

"Nikingoja, madam, hakuna mtu wa kunilipia."

Madam Dorca alikuwa amesomesha watoto wa dada yake watatu na alijua anachoambiwa. Kisha akavuta ile karatasi, akapiga muhuri chini ya C+, akapuliza wino ukauke. Muhuri ulitoka vizuri, kila herufi ikasomeka.

Mwalimu Ooko alikuwa akitoka darasani, mikono imejaa vumbi la chaki. Caren akamuuliza karatasi zake za mtihani za mwaka jana ziko wapi. Tiki zake zilikuwa mle. Kama chuo kingetumiwa picha za zile tiki, mtu yeyote angeweza kuzijumlisha.

"Za mwaka jana?" Mwalimu akakuna kidevu. "Stoo ilijaa. Tulimpatia Anyango, wa pale geti."

Anyango aliuza mandazi langoni, na mandazi hufungiwa kitu. Karibu na jiko lake palikuwa na rundo la karatasi zilizoraruliwa nusu nusu, zenye wino mwekundu. Caren akapiga magoti. Akapekua jiografia ya mtu, dini ya mtu, nusu ya insha kuhusu siku ambayo mwandishi hataisahau. Mafuta yalikuwa yameloweka nyingine mpaka maandishi ya pande zote mbili yalionekana kwa pamoja.

"Unatafuta nini, nyarwa, binti yetu?"

"Hesabu yangu ya Form Three."

"Ya mwaka jana?" Anyango aligeuza andazi. "Hiyo iliisha kitambo, mama. Watu walikulia mandazi, wakatupa. Hii yote ni ya Form Two."

Caren aliendelea kupekua kidogo, kwa sababu kusimama kulikuwa kugumu zaidi. Anyango akampa andazi na hakutaka pesa. Akalifungia katika karatasi ya kemia iliyoandikwa thelathini na tisa. Caren, kwa mazoea tu, akaijumlishia kumi kichwani.

Akaenda kwa miguu hadi Ring Road, kwa Mzee Muriuki, mwenye saiba, kibanda cha intaneti. Muriuki alikuja kutoka Murang'a zamani kuuza viatu, viatu vikagoma, akanunua kompyuta. Alimfungulia ukurasa wa chuo, wakajaza polepole: jina, shule, kaunti, kozi. Mahali pa kupakia karatasi za ziada palikuwepo, lakini pangefunguka tu baada ya kuchagua gredi. Muriuki akabonyeza. Ikashuka orodha fupi: A, A-, B+, B.

"Shuka chini," Caren alisema.

"Nashuka. Imegoma."

"Hakuna C?"

"Hakuna. Ni kama hawajui iko." Akabonyeza tena, akageuza kiti. Aliteremsha sauti ingawa hapakuwa na mteja mwingine. "Sikia. Naeza kusaidia. Hii C naitoa, naweka B. Stampu inabaki hapo hapo. Kazi ya dakika mbili, na sikulipishi."

Caren aliitazama karatasi yake chini ya kioo cha mashine. Jambo lilikuwa la kuchekesha, kama angekuwa na nguvu za kucheka. Karatasi ya Muriuki ingekuwa ya kughushi, na ingekaribia zaidi alichokipata. Hii yenye muhuri ndiyo iliyodanganya.

"Wakipigia shule?"

"Watapiga. Wameandika hapa chini, lazima wapige."

Na simu ingepokewa na Madam Dorca, naye angewasomea kilicho kwenye kompyuta ya Simiyu. Siku hiyo hiyo Caren angeitwa mwizi wa alama, zilizokuwa zake.

"Wacha tu, Mzee."

"Una uhakika?"

"Wacha."

Hakuondoka. Alikaa mchana mzima mbele ya kile kisanduku cha gredi, akikifungua na kukifunga, mpaka saa kumi na moja ilipofika na ukurasa wenyewe ukageuka kijivu na kuwashukuru wote walioomba. Muriuki alizima skrini. Simu ya Caren ikalia. Ilikuwa Benta, akiwa bado kazini.

"Imeenda?"

"Imekataa, Mama."

"Nini imekataa? Bandols za intaneti?"

"Gredi. Wanataka B."

Kule Milimani maji ya mfereji yalisikika yakimwagika ndani ya karai.

"Lakini wewe ndio namba moja," Benta alisema.

"Ndio, Mama."

"Namba moja wanakataa?"

Mama yake hakukata simu. Aliiweka tu mahali, na Caren akamsikia akirudia kufua, nguo ikisuguliwa kwa nguvu, mpaka salio likaisha.

Alirudi shuleni kwa sababu begi lake lilikuwa kule, na kwa sababu aliahidi. Wanafunzi walikuwa kwenye masomo ya jioni. Chumba cha walimu kilikuwa kitupu. Mwalimu Ooko alikuwa kwenye mkutano wa harambee ya matanga ya mwenzake. Karatasi za lile darasa la pili la kidato cha tatu zilikuwa mezani, na kalamu nyekundu juu yake.

Ya kwanza ilikuwa ya kijana anayeitwa Griffins. Caren akahesabu tiki: hamsini na nane. Mkono ukaandika nne, wenyewe, bila kuulizwa. Alikuwa karibu kumalizia nane alipouona mkono wake.

Akaikata ile nne. Akaandika hamsini na nane.

Alisahihisha zote hivyo, haraka, kwa hasira. Kisha akavuta na zile za asubuhi, zilizokuwa zimeshatolewa kumi, akakata sitini na nne akaandika sabini na nne, akakata arobaini akaandika hamsini, akaenda hivyo mpaka mwisho. Akarekebisha na orodha. Halafu akabeba rundo lote hadi madarasa ya kidato cha tatu yaliyopakana na chumba cha walimu, akagawa mwenyewe, jina kwa jina.

Rosa, msichana mwenye sweta iliyotoboka viwiko, alisimama na karatasi yake bila kuketi. "Hii si yangu. Mimi sijai pata sabini."

"Ni yako. Hesabu tiki mwenyewe."

"Mwalimu atasema tumeiba."

"Peleka nyumbani. Ficha mahali mvua haifiki. Na usimpe mtu afungie mandazi."

Walicheka. Caren hakucheka, wakaacha.

Aliporudi alimkuta Mwalimu Ooko ameketi, koti bado amelivaa, orodha iko mbele yake.

"Caren. Hii hujatoa."

"Sijatoa, mwalimu."

"Na karatasi ziko wapi?"

"Nimewapa. Ziko kwa mabegi."

Mwalimu alivuta pumzi, akaishikilia. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Chuo wamesemaje?"

"C haiko kwa listi yao."

"Mimi shuleni kule Muhoroni nilikatwa alama hivi hivi," Mwalimu alisema. "Nikasoma na hasira. Ndio nikatoka kwa kukata miwa."

"Najua, mwalimu. Umetuambia."

Caren akangoja kama kulikuwa na zaidi. Hakukuwa na zaidi. Mwalimu akavuta orodha karibu, akafungua kalamu.

"Sabini na nne," alisoma, kisha akanyamaza, kwa mazoea, akingoja ajibiwe.

Caren alichukua begi lake.

"Sitini na nne," Mwalimu Ooko alijijibu mwenyewe, akaandika. Upande wa pili wa ukuta Rosa alikuwa akihesabu tiki zake kwa sauti, polepole, na alipofika mwisho akaanza tena.